Gari Liko Kuala Lumpur, Dua Iko Kilburn

Mume wangu hajafika Malaysia hata siku moja, lakini muulize habari za barabara kuu ya kutoka Kuala Lumpur kwenda kaskazini siku za kuamkia Idi, atakueleza mpaka uchoke. Atakwambia wapi pana chaja za magari, wapi zimeharibika, na wapi watu hugombana kwa sababu mtu ameliacha gari lake likichaji akaenda zake kula. Yote hayo ameyapata jikoni kwetu Kilburn, miguu ndani ya soksi, chai mkononi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mwalimu wake ni binti yetu. Na ni binti yetu huyo huyo aliyenifanya na mimi, mtu wa kuwaogesha wazee na kuwabadilishia shuka, nijue tofauti ya gari la umeme na gari la haibridi, lile linalotumia mafuta na umeme pamoja.

Alikwenda kwa mkataba. Kampuni ya magari aliyokuwa akiifanyia kazi hapa London ilifungua tawi kule, wakataka mtu wa kwenda kuwafundisha wauzaji jinsi ya kuzungumza na mteja ambaye hajawahi kuwa na gari la kuchaji. "It's only for a bit, Mama," aliniambia, na mimi hiyo "for a bit" niliishika kwa mikono miwili. Nilimtaka arudi. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta moyoni: tangu alipotupungia mkono pale uwanja wa ndege, sikuwa na haja nyingine duniani. Ndiye mtoto wetu wa pekee. Mkataba wake ulikuwa uishe baada ya Idi, nami nilikwisha kumtangazia kila mtu, kuanzia wazee ninaowahudumia hadi muuza samaki wa pale barabarani, kwamba mwanangu anarudi.

Alikuwa akipiga simu Jumapili. Kwetu huwa asubuhi, kwake alasiri imekwisha ingia na mvua imekwisha nyesha, na mara nyingi tulisikia matone yakidondoka nyuma yake wakati anazungumza. Alianza na salamu, akaulizia mgongo wangu, kisha baba yake ananinyang'anya simu na maongezi yanahamia kwenye magari.

Na yalikuwa maongezi! Kule, alisema, gari la umeme watu wanalitamani na kuliogopa kwa pamoja. Wanaokaa ghorofani wanakuja dukani wamekwisha kosana na kamati ya jengo, maana kamati haitaki waya chini kwenye maegesho. Wengine wanauliza habari za mafuriko: maji yakifika kwenye milango, gari litatupiga shoti? Mtu haji kununua peke yake. Anakuja na mke, watoto, mama mkwe na jirani anayejua magari, na wote lazima waingie ndani ya gari kwa pamoja kuona kama watatosha. Mteja mmoja aliyepewa gari kulijaribu alipita nalo sokoni akanunua doriani, yale matunda ya miiba yenye harufu kali, akalijaza buti. Gari lilirudishwa likiwa jipya kabisa, lakini hakuna aliyeweza kulikalia tena, na harufu ikabaki humo wiki nzima huku wauzaji wakilifungua milango asubuhi na kuifunga jioni. Mume wangu alicheka mpaka akaweka chai chini.

Lakini habari aliyoipenda kuliko zote ni ya bibi mmoja aliyekuja na wajukuu. Wajukuu waliuliza kasi, waliuliza skrini, waliuliza kama gari linaimba. Bibi alikaa kimya kwenye kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Mwishoni akauliza swali lake moja: hili litanifikisha kwetu siku ya Idi bila kupanga foleni ya umeme njiani? Binti yangu angeweza kumwambia ndiyo. Alimwambia ukweli, kwamba siku hizo foleni ipo, na vituo huko mbali na miji bado ni vichache. Bibi akashuka, akaliendea gari la haibridi, akaligonga bodi kwa kiganja, akasema hili. Bosi alinuna, maana duka lilitaka kuuza ya umeme.

"Huyo bibi ni mtu wa kwetu Tanga huyo!" mume wangu alipiga kelele. "Anajua gari kazi yake nini. Gari kazi yake ni kukufikisha kwenu."

Sababu yake ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiendesha haibridi, teksi ya kuitwa kwa simu, na alikuwa akiitetea kama mtu anavyomtetea mdogo wake. Ya umeme aliicheka. "Gari la kuchaji kama simu! Siku ukisahau waya unalala njiani." Mimi nilimwambia hata yeye mwenyewe ni haibridi, mwili uko Kilburn na roho iko Tanga, ndiyo maana hamalizi mafuta. Hakukataa.

Kitu kingine kilitokea ambacho sikukitegemea. Binti yangu alizaliwa hapa, na maisha yake yote nilimsemesha kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza. Nilikwisha zoea. Alipofika kule, Kiswahili kikaanza kumtoka. Alipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimalei, mjane, na huyo mama alikuwa akizungumza naye kwa lugha yake bila kujali kama anaelewa. Jumapili moja alipiga simu anahema. "Mama, wao pia wanasema dunia! Wanasema waktu! Jirani ni jiran, Mama, I nearly cried." Tangu siku hiyo akawa ananijibu kwa Kiswahili, kibovubovu, chenye vipande vya Kiingereza ndani yake, lakini Kiswahili. Nilifurahi, kisha nikamwonea wivu yule mama. Mimi nilihangaika miaka yote hiyo na binti yangu akakipata kwa kupikiwa wali. Nilimwonea wivu na kwa wali pia.

Sasa nimtaje na jirani yetu wa zamani. Ni mzee wa Kigujarati, kazaliwa Tanga kama sisi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Tulikuwa tukiishi naye jengo moja hapa Kilburn mpaka alipohamia Neasden ili awe karibu na hekalu lao la Kihindu. Mume wangu anamwita kaka, mimi ananiita shemeji, na Kiswahili chake ni cha Tanga safi, kuliko cha wengi walioko Tanga leo. Uzeeni huu amenunua gari la umeme. Siku ya kwanza alilipeleka hekaluni, likapakwa rangi nyekundu usoni, ikavunjwa nazi, zikawekwa ndimu chini ya magurudumu akazikanyaga, ndipo akaja kutuonyesha. Mimi nilikuwa natoka dukani. Gari likanijia nyuma kimya kimya, nikashtuka nikatupa mfuko wa viazi vikatawanyika njia nzima.

"Unakuja bila hodi?" nikamfokea.

"Shemeji, hodi ilikuwa kwenye injini, na injini hakuna," akasema, huku akiinama kuokota viazi.

Basi Jumapili moja ya Shaaban binti yangu akapiga simu na sauti yake haikuwa ya kila siku. Hakuuliza mgongo wangu. Akasema amenunua gari. La umeme, lile lililokuwa likisimama dirishani kwa maonyesho, wafanyakazi wakapewa nafasi ya kulinunua. "Bado sijalipeleka mahali," akasema. "Baba, naomba unisomee dua kwanza."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akinunua gari halipeleki kokote kabla hajalipitisha kwa wazee. Linasomewa dua, unafukizwa ubani, watu wanakunywa kahawa, ndipo mwenye gari anaambiwa haya, nenda. Mtoto huyu hajawahi kuyaona hayo kwa macho. Kayasikia kwetu tu, na kumbe alikuwa akisikiliza! Nilijawa na furaha hadi nikaketi. Katika yote aliyoyasema siku ile, mimi nilisikia neno dua peke yake.

Mume wangu alisikia mengine. Hakuuliza bei, hakuuliza rangi, hata utani wake wa gari la kuchaji kama simu hakuutoa. Aliuliza, "Utachajia wapi?"

"Nyumbani, Baba. Mwenye nyumba kakubali niweke chaja ukutani, pale uani. Fundi kesha kuja."

"Ukutani," mume wangu akasema. Akanipa simu, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vikombe nilivyokwisha viosha mimi.

Angeniambia pale pale. Dereva yeyote anajua kwamba mtu wa kupita anachajia vituoni na kwenye nguzo za barabarani, na anayemwita fundi kutoboa ukuta ana nia ya kukaa. Lakini mimi si dereva, na akili yangu ilikwisha fika kwenye halua. Gari linauzwa, nilijiambia. Atalitumia mpaka Idi, ataliuza, atarudi na faida yake. Nilijishughulisha hivyo wiki nzima, na yeye akaniacha nijishughulishe. Baadaye nilimgombeza sana kwa hilo. Alijibu kwamba hakuwahi kuniona nikikanda mahamri huku nikiimba.

Siku ya dua nilipika mahamri, nikaweka kahawa, nikakata halua. Ubani niliuwasha kwenye chetezo cha mama yangu. Nani asiyejua adha ya kufukiza ubani kwenye flati za London? King'ora cha moshi cha pale darini hakijui dini ya mtu. Tulipohamia hapa kilitulilia siku ya arubaini ya mtoto mpaka mwenye jengo akapanda juu, na tangu hapo tuna dawa yake: mume wangu hupanda kiti akakivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Alikuwa bado juu ya kiti, mikono darini, jirani yetu wa Neasden alipoingia na mfuko wa ndimu.

"Ndimu za nini, kaka?" mume wangu akauliza kutoka juu. "Gari liko Kuala Lumpur."

"Zangu za kuonyesha. Za kukanyaga atatafuta huko huko. Mtoto nimembeba mimi, leo anunue gari nisimwekee ndimu?"

Mume wangu ana msimamo wake katika mambo ya dini, nikamwona anafikiri. Kisha akashuka. "Haya, ziweke. Mungu anajua nia," akasema.

Simu ilipoita tulijipanga sote watatu mbele ya kopo la sukari. Binti yangu alikuwa amejifunga mtandio, jambo ambalo nikimwambia mimi hafanyi. Alituonyesha gari: jeupe, la adabu, limeoshwa, limesimama uani chini ya kibanda cha bati. Jirani akainua ndimu karibu na kamera, naye akaondoka akarudi na vindimu vidogo vya kule, akavitia chini ya magurudumu, akiuliza ni mbele tu au na nyuma. Yule mama mwenye nyumba akatoka, mfupi, mnene, ana uso mwema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sikuweza. Alitupungia, akasema maneno ambayo katikati yake nilisikia selamat, nami nikamjibu salama, salama, basi tukamalizana.

Hapo nyuma yao nikakiona kile kijisanduku. Kilikuwa ukutani, kipya, kina taa ya kijani, waya wake umeviringwa vizuri kwenye ndoano, na chini yake saruji mbichi haijapakwa rangi.

"Na hicho," nikauliza, "ukirudi utakibandua?"

Mume wangu akainua mikono, akaanza dua.

Alianza kwa Kiarabu, kwa ile sauti anayoitumia misibani na harusini, na nyumba ikatulia. Kisha akaingia kwenye Kiswahili, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya, kipande kwa kipande, na baada ya kila kipande waliohudhuria huitikia amin.

"Mola wetu, ulitie baraka gari hili."

"Amin," tukasema huku. "Amin," binti yangu akasema kule. Yule mama wa Kimalei naye, kaishika mikono yake wazi mbele ya kifua, haelewi hata neno, lakini dua anaijua akiiona, na kila mume wangu alipotua alisema amin ndefu.

"Umwepushe na ajali, na mafuriko, na madereva wasiomcha Mungu."

"Amin." Jirani yetu aliitikia kwa nguvu kutushinda wote.

"Kila aendapo umfikishe salama."

"Amin."

"Na mkataba wake ukiisha, umrudishe kwetu."

Mimi niliitikia mara moja, nilikuwa nimekwisha kuifungua midomo. Jirani aliitikia. Kule ikasikika amin moja tu, ile ndefu ya yule mama, iko peke yake.

Mume wangu alisimama hapo hapo. Sijui kama alikuwa akimjaribu mtoto, au alikuwa anamwomba Mungu kweli na alitumaini kupata. Sijamuuliza mpaka leo. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono bado imeinuka.

"Baba," akasema, "hiyo siwezi kuitikia. Nitakuwa namwongopea Mungu." Akaendelea kwa Kiingereza, haraka, kwamba wamempa kazi ya kudumu, kwamba wanataka afungue duka la pili huko kaskazini kwenye njia ya yule bibi, kwamba amejaribu kuniambia Jumapili nyingi na kila akitaka kuanza mimi namwambia nimemnunulia pazia la chumba chake cha hapa. "I'm happy here, Mama," akasema. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, pole pole, analitafuta kila neno. "Nataka radhi yenu. Gari ni sababu tu."

Nilikasirika. Sitasema nilihuzunika, huzuni ilikuja baadaye, kwenye basi, natoka kazini. Pale nilikasirika, na gari lile jeupe, na fundi aliyetoboa ukuta, na mume wangu aliyekuwa akijua akanyamaza, na yule mama mwenye uso mwema aliyekuwa sasa anatutazama mmoja mmoja, mikono bado wazi, anangoja dua iendelee. Nilitaka kuizima simu. Ubani ulikuwa unaniingia machoni, au nilisingizia ubani.

Mume wangu hakuishusha mikono. Bega lake la kulia ni bovu, limeharibiwa na usukani, na nililiona linatetemeka ndani ya kanzu. Akaanza tena.

"Mola wetu," akasema, na sauti haikuwa tena ile ya misibani. Ilikuwa ya kwake ya kila siku, ile ya soksi na chai. "Wewe unajua mimi ninataka nini. Basi sikuombi hilo. Nakuomba huko aliko umpe kwao. Umpe majirani wema, na kazi ya halali, na watu wa kumuuliza kama amekula. Wakija wateja kwake aendelee kuwaambia kweli. Na sisi wazazi wake, tupe afya ya kumfuata tukamwone."

"Amin," binti yangu akasema. Alikuwa analia, na pua ilikuwa imemziba. Yule mama akasema amin yake ndefu, na bila kuondoa macho kwenye mikono yake akamsogelea mwanangu, bega likagusa bega. Jirani yetu akasema amin taratibu sana, ndimu iko mkononi.

Kisha wakaningoja mimi. Dua haifungwi mtu akiwa bado hajaitikia, si dua ya mtoto wako. Mume wangu hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye viganja vyake, na bega linatetemeka. Jirani akaninong'oneza, "Shemeji." Kwenye kioo cha simu binti yangu alikuwa ananitazama mimi peke yangu, uso umesogea karibu hadi gari halionekani tena, wala ukuta, wala kile kijisanduku, ni yeye tu na mtandio wake uliofungwa vibaya, na nikaona ni mtu mzima, na kwamba ananiogopa.

Nikainua mikono yangu. Nikasema amin, kwa sauti kubwa, ili ifike.